Maji ni Uhai, Lakini Karatasi Iko Wapi?

Wasee, kuna swali moja nimeuliza kwa ploti yetu na sasa naitwa mjuaji. Niliuliza tu: karatasi ya maji iko wapi?

Ploti yetu ina kisima. Si kile cha ndoo na kamba, ni borehole, ile ya mashine inayoshuka chini mpaka unaanza kushangaa kuna nini huko. Maji yanapanda kwa tangi, yanashuka kwa mifereji, maisha yanaendelea. Zile wiki ambazo mtaa mzima unafukuzana na mkokoteni wa mitungi ya lita 20, sisi tunaoga na kufua bila stori. Ni kitu cha kujivunia, bana. Hata nyumba ikiachwa wazi, tangazo linasema "maji ya kisima masaa 24" kabla ya kutaja vyumba ni vingapi.

Basi nikamwendea msimamizi, nikamwomba anionyeshe ripoti ya maabara. Akacheka. Akaniuliza, "Kwani umeona uchafu wapi?" Akafungua mfereji, akakinga glasi, akaiinua kwa mwanga. Maji yalikuwa kama kioo. Kisha akayanywa yote nikiangalia na akaiweka glasi chini kama wakili aliyemaliza kesi.

Naandika hii kwa sababu ya ile glasi. Kuna mahali duniani watu walikunywa maji ya kisima masafi hivyo hivyo, miaka na miaka, na miguu yao ikawa nyeusi.

Mahali penyewe ni Taiwan. Sisi tunaijua kwa chipu za simu, lakini turudi nyuma kidogo, kabla ya chipu. Pwani ya kusini-magharibi ya hicho kisiwa kuna sehemu zinaitwa Beimen, Xuejia, Budai na Yizhu. Watu wa huko walikuwa wavuvi, wakulima na watengenezaji chumvi, watu wa kipato cha chini. Shida yao kubwa ilikuwa maji. Ukichimba kisima kifupi karibu na bahari, unapata maji ya chumvi. Kwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuchimba visima virefu, mita 100 kwenda chini, vingine karibu mita 300. Huko chini wakapata maji ambayo hayana chumvi. Hebu fikiria furaha ya siku hiyo. Hiyo ndiyo furaha yetu ya "maji masaa 24".

Halafu watu wakaanza kuumwa miguu. Mwanzo ni kitu kidogo. Vidole vya miguu vinakuwa baridi, vinakufa ganzi. Ukitembea kidogo mguu unauma, ukipumzika unaachilia. Baadaye unauma hata ukiwa umelala. Ngozi inabadilika rangi, kidonda kinatokea na hakiponi, na kidole kinakuwa cheusi kama makaa. Nyama imekufa mtu akiwa hai. Wengine vidole vilijikatikia vyenyewe. Wengine walikatwa mguu, kisha mguu wa pili. Wenyeji waliuita tu vile walivyouona: ugonjwa wa mguu mweusi.

Kilichokuwa kinafanyika ndani ni hiki. Mishipa inayopeleka damu kwenye miguu ilikuwa inaharibika kuta zake, inakuwa minene, inaziba polepole. Damu isipofika, hewa na chakula haviendi, nyama inakufa. Inaanzia vidoleni kwa sababu ndiko mbali zaidi na moyo. Ni kama ile nyumba ya mwisho kwa laini ya maji: presha ikishuka, yeye ndiye wa kwanza kukauka.

Kesi zilizidi sana katika miaka ya 1950, hasa kati ya 1956 na 1960. Wagonjwa waliumia mara mbili. Kwanza maumivu yenyewe, pili majirani. Kuna waliodhani ni laana, wengine waliogopa kuambukizwa, na mtu alifichwa nyumbani na harufu ya mguu wake. Daktari mmoja mzaliwa wa Beimen, Wang King-ho, alikuwa na kliniki hapo kijijini. Kuanzia 1960 akaanza kuwatibu bure, kwa msaada wa shirika la mmishonari Mmarekani, Lillian Dickson. Daktari wa upasuaji, Hsieh Wei, alikuwa anasafiri kuja kuwakata miguu iliyooza. Mke wa Wang aliwafundisha waliobaki bila miguu kusuka mikeka ili wapate riziki. Hiyo kliniki leo ni jumba la kumbukumbu, na baadhi ya miguu iliyokatwa bado imehifadhiwa ndani ya chupa.

Lakini kukata mguu ni kushughulika na mwisho wa hadithi. Swali lilikuwa: ni nini kinawafanya hivi?

Hapa ndipo nataka tutulie, kwa sababu uchunguzi wao unaweza kutufundisha kitu. Kijiji maskini kina sababu mia za ugonjwa. Pengine ni chakula, maana wengi waliishi kwa viazi vitamu. Pengine ni sigara. Pengine ni ya ukoo, kwa sababu iliingia kwa familia fulani zaidi ya nyingine. Ukiwa mvivu unachagua moja na unarudi zako. Wao walifanya kazi ya miguu: waliingia vijijini wakahesabu. Timu ya daktari Tseng Wen-Ping ilipima watu 40,421 katika vijiji 37 na matokeo yakatoka mwaka 1968. Walipata watu 360 wenye mguu mweusi. Walipata pia watu 428 wenye saratani ya ngozi, na karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa na ngozi iliyobadilika rangi. Wengine walikuwa na vigugu vigumu kwenye viganja na nyayo.

Hiyo ngozi ndiyo iliyochoma picha. Rangi ya ngozi kuwa na madoa na viganja kuwa na vigugu ni saini ya arseniki, sumu ambayo watu wameijua tangu zamani. Kwa hivyo maji ya visima yakapimwa, kijiji kwa kijiji. Ilionekana kwamba kadiri arseniki inavyopanda kwenye maji ndivyo wagonjwa wanavyoongezeka, na kadiri mtu alivyozeeka akiyanywa ndivyo hatari inavyokua. Wale wa visima virefu waliumwa. Na mabomba ya maji kutoka kwingine yalipoenea vijijini, wagonjwa wapya wakaanza kupungua, hadi ugonjwa ukabaki kwa wazee waliokunywa zamani.

Ngoja nikupe picha ya kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za arseniki kwa lita. Maana yake, gramu moja tu inatosha kufikisha kikomo hicho kwenye matangi kumi ya lita 10,000. Visima vingi vya hiyo pwani vilikuwa na kati ya 350 na 1,140. Hiyo ni zaidi ya mara 30 hadi mara 100 na kitu. Na ukiinua glasi kwa mwanga huoni chochote. Haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Na nani aliiweka huko? Hakuna kiwanda. Hakuna mtu mbaya kwa hii stori. Arseniki ilikuwa kwenye udongo na mchanga wa chini tangu zamani za kale, na maji yaliyokaa huko bila hewa yakaiyeyusha. Hiki kitu ndicho kinanisumbua zaidi. Tumefundishwa kwamba maji machafu ni ya mto unaopita nyuma ya mtaa, wenye karatasi za plastiki na povu. Ya kutoka chini kabisa tunayaita masafi kwa sababu hakuna binadamu ameyagusa. Kumbe mwamba wenyewe unaweza kuwa umeyagusa.

Sasa kuna msee atasema, "Lakini hata wanasayansi hawakukubaliana." Kweli kabisa, na sitaficha. Mtafiti mwingine wa Taiwan, Lu Fung-Jou, alisema kuna vitu vingine kwenye hayo maji, mabaki ya mimea iliyooza, ambavyo pia vinaweza kuharibu mishipa. Na kuna kitendawili: nchi nyingine zina arseniki kwenye visima lakini miguu haikuoza kwa kiwango kile. Chen Chien-jen, aliyechunguza hili jambo kwa miaka mingi, alikuta kwamba miaka ya kunywa maji hayo ilikuwa na uzito, lakini lishe duni na historia ya familia pia ziliongeza hatari. Yaani sumu ni moja, ila inampiga zaidi asiyekula vizuri. Kazi ya kundi lake ilisaidia pia kuunganisha arseniki ya maji na ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu na ya kibofu. Huyo Chen baadaye akawa makamu wa rais wa Taiwan, kisha waziri mkuu kuanzia 2023 hadi 2024. Mtu aliyefuata maji ya visima akaishia kuongoza serikali. Sisi wetu hufuata nini, tuwache.

Maoni yangu ni kwamba mabishano ni kitu kizuri kwa maabara, lakini hayafai kuwa kisingizio kwa mfereji. Iwe ni arseniki peke yake, iwe ni arseniki na njaa, iwe ni arseniki na mwenzake fulani, vyote vilikuwa vinapita kwa glasi ile ile. Ukibadilisha maji, unawaokoa watu leo, na wasomi waendelee kubishana kesho. Na ukichelewa unalipa: hata baada ya watu kuacha yale maji, hatari ya saratani iliwafuata kwa miaka mingi.

Kama unadhani dunia nzima ilijifunza kutoka Taiwan, angalia Bangladesh. Miaka ya 1970 watoto walikuwa wanakufa kwa kuharisha kwa sababu ya maji ya madimbwi. Serikali na mashirika ya msaada, UNICEF ikiwemo, yakahimiza visima vya bomba kila mahali. Nia ilikuwa safi, na viini vikapungua kweli. Lakini arseniki haikupimwa. Iligunduliwa 1993, na kufikia hapo mamilioni ya watu walikuwa wanakunywa. Ikabidi visima vipakwe rangi: kijani kunywa, nyekundu usinywe. Utafiti wa Taiwan ulikuwa umetoka mwaka 1968! Majibu yalikuwepo, swali ndilo halikuulizwa.

Na sisi? Sisemi kisima chako kina arseniki. Usimwambie mtu nimesema hivyo, na usiache kunywa maji ukaishia hospitali. Nasema tuna cha kwetu, na hicho hakihitaji mtu aende Taiwan. Kinaitwa floraidi.

Shosho yangu anaishi upande wa Nakuru. Tukiwa watoto tulikuwa tunaenda likizo na tunawacheka binamu zetu kwa sababu ya meno. Yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na mashimo madogo. Sisi wa Nairobi tulidhani hawapigi mswaki. Mmoja alijifunza kucheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono, na mpaka leo ni mtu mzima na bado anafunika. Hakuna mswaki ulikosekana pale. Ni mawe ya volkano ya Bonde la Ufa yanayotia floraidi kwenye maji ya chini. Kidogo chake kinasaidia meno. Kikizidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, mtoto ambaye meno yake yanaendelea kuumbika ndani ya ufizi yanatoka yakiwa na alama hiyo maisha yote. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, inaingia kwa mifupa na viungo.

Na si Nakuru na Naivasha tu. Hata baadhi ya visima vya hapa Nairobi vimepimwa vikapatikana vimepita kikomo. Sasa unaelewa kwa nini niliuliza karatasi. Nina ndugu mdogo, ana miaka sita. Meno yake ya ukubwani yanatengenezwa sasa hivi, wakati mimi naandika hapa, kwa maji ya tangi letu.

Mathe akaniambia, "Si tunachemsha?" Na hapa tafadhali mwambie kila mtu nyumbani kwenu: kuchemsha kunaua viini. Hakuondoi floraidi, hakuondoi arseniki. Kwa kweli mvuke ukitoka, maji yanapungua na kile kitu kinabaki, kwa hivyo kila glasi inakuwa kali kidogo zaidi. Dawa ya maji ya matone, hivyo hivyo: ni ya viini. Usiache kuchemsha, kipindupindu hakitanii. Jua tu unapigana na adui yupi.

Baada ya kuuliza mara tatu, nilipewa karatasi. Ukurasa mmoja. Ilikuwa ya mwaka ambao kisima kilichimbwa, wakati mimi niko shule ya msingi. Nikaisoma juu mpaka chini. Walipima bakteria, wakakosa, wakapiga muhuri: yanafaa kunywewa. Floraidi haikuwepo kwa orodha. Arseniki haikuwepo. Si kwamba zilipimwa zikakosekana, hazikuulizwa. Ni kama mtu apimwe malaria, asipatikane nayo, halafu aambiwe hana ugonjwa wowote.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Una doo ya kununua maji ya chupa?" Sina. Ndiyo maana naongea. Watu wa Beimen pia hawakuwa na chaguo zuri, ilikuwa chumvi ama kisima. Maskini hachagui maji, anachaguliwa. Kwa hivyo mzigo wa kupima hauwezi kuwa wa mpangaji mmoja mmoja. Anayeuza maji, anayeyaweka kwa tangazo na kuyalipisha kwa kodi, ndiye anafaa apime.

La pili: "Utafukuzwa kwa ploti." Pengine, nikiwa peke yangu. Lakini barua yenye sahihi za nyumba zote si mjuaji tena, ni wateja.

Na hatuombi fadhila. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Haikusema maji yanayong'aa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, si kwa serikali tu, hata kwa mtu binafsi kama unaihitaji kulinda haki yako. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ndiyo hutoa vibali vya visima. Ukiiandikia ofisi ya umma kuomba habari, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa siku 21 kukujibu.

Kwa hivyo ukienda kwa msimamizi wako, usiulize "maji ni safi?" Atakinga glasi. Uliza maswali matatu. Yalipimwa lini mara ya mwisho? Yalipimwa madini na kemikali, ama viini peke yake? Floraidi ni ngapi na arseniki ni ngapi, kwa nambari? Akikosa jibu, usimtukane. Mara nyingi hata yeye hajui, na anakunywa hayo hayo. Msimamizi wetu ana mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomwonyesha ile karatasi na kumwambia kitu gani hakiko, hakucheka tena. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama meno ya mtoto yanaweza kurekebishwa baadaye. Nikamwambia daktari wa meno anaweza kuyafunika, lakini hawezi kuyaumba upya.

Sasa barua iko kwa mwenye ploti, na jina la msimamizi liko ya pili kwa orodha.

Na ikitokea maji yamezidi kikomo, si mwisho wa dunia. Kuna vichujio vinavyoondoa floraidi. Nakuru kuna vile vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, teknolojia ambayo Dayosisi ya Katoliki ya huko imeifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Unaweza kutenga maji ya kunywa na ya kupikia tu, ya kuoga na kufua yabaki vile yalivyo. Suluhisho ziko. Ila zote zinaanza na nambari, na nambari inaanza na mtu mmoja kukubali kuitwa mjuaji.

Wenye ploti wote wa hii Nairobi, tunawaheshimu, na kisima ni kazi kubwa. Glasi tumeiona. Tunaomba karatasi.